Picha Moja, Hairudiwi

Ndugu yangu ni kinyozi. Saluni yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua: upande wa barabarani ananyoa yeye, upande wa ndani nasuka mimi. Pazia lile linazuia macho tu. Yanayosemwa kwake nayasikia yote, yanayosemwa kwangu anayasikia yote, na mteja mwenye siri namshauri aende kwingine. Mimi ndiye mkubwa, yeye ananifuata. Tangu utotoni yeye ni mtu wa kunyamaza na mimi ni mtu wa mdomo, na mama yetu alizoea kusema kwamba maneno tuligawiwa tukiwa wawili, nikachukua mafungu yote mawili nikakimbia nayo. Kwa hiyo habari hizi nazisimulia mimi. Mkimngoja yeye, mtangoja sana.

Kiti chake cha kunyolea ni kikubwa, cha ngozi nyekundu iliyopasuka na kuzibwa kwa plasta, kinapanda na kushuka kwa kukanyaga pedali. Mbele yake kuna kioo kinachokaribia dari, na humo utaona ukuta wa nyuma wote: saa, kalenda, na picha za vijana wenye mitindo ambayo ndugu yangu hajawahi kuombwa na mtu yeyote. Wifi yangu, mke wake, ndiye aliyekuwa akifagia nywele sakafuni. Alizifagia miaka mingi mpaka akawa anazijua kuliko mwenye mashine. Mwanaume akisimama mlangoni tu, yeye na ufagio wake anamwambia, "Shemeji, hizo ni za wiki tatu, mbona umetutupa?" Na yule aliyepitia kwa kinyozi mwingine kwa siri aliumbuka palepale: "Nani kakuachia ngazi huko kisogoni?" Watu walicheka, na walirudi.

Watoto wao walikuwa wawili. Wa kwanza ni msichana, tuliyempa jina la Wakili kwa sababu ukimwambia akalale anadai ushahidi kwamba ni usiku. Wa pili alikuwa mvulana. Alizaliwa na nywele nyingi hadi wauguzi wakaitana waje kuona, na baba yake, ambaye hufanya mzaha mmoja kwa mwaka, aliutumia mzaha wa mwaka ule kumwita Kipara.

Kipara alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza wifi alipopata kazi nchi ya mbali, ya kumtunza bibi mmoja mzee asiyeweza kuinuka kitandani. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Jioni ya mwisho alikaa kwenye kile kiti chekundu, mizigo yake imefungwa, akamwambia mumewe sharti lake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia namfumua mteja, nikasikia neno kwa neno.

"Kila siku nataka picha yao moja," alisema. "Asubuhi, wakiwa tayari kwenda shule, hapahapa kwenye kiti."

"Nitakupigia hata kumi," ndugu yangu akamjibu.

"Sitaki kumi. Ukipiga kumi utanichagulia. Utanitumia ile wanayocheka. Mimi nataka moja, na unitumie hiyohiyo iliyotoka, hata kama mmoja kafumba macho. Hairudiwi."

Nikashindwa kujizuia. "Na wakiwa na makamasi je?"

"Na makamasi yao, wifi," akanijibu kupitia pazia.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi kiti kiligeuzwa kikakipa kioo mgongo, watoto wakapanda, Wakili upande wa kushoto, Kipara upande wa kulia, baba yao anasimama mbele yao na simu, anapiga mara moja, anatuma. Zilitoka picha za ajabu. Kuna za dawa ya meno kidevuni, za Wakili akifungua mdomo kubishana, za kiwiko cha mteja aliyepita mbele kwa bahati mbaya. Kipara aligundua mapema kwamba picha hairudiwi, naye akaamua kutoa ncha ya ulimi kila siku, kidogo tu, ili akionywa aseme hakutoa. Katika picha za miaka ile karibu miwili huo ulimi umo karibu zote.

Jibu la wifi lilikuwa neno moja: "Nimewaona." Ndugu yangu hakuwasha mashine kabla neno lile halijafika. Wateja wa asubuhi walizoea, wakawa wanamtania, "Kinyozi, mmeshaonwa?" Akisema bado, wanakaa kwenye benchi wanangoja na yeye. Na kila Jumamosi ya tatu, siku ya Kipara kunyolewa, jibu lilirefuka kidogo. Mtoto alipenda achorwe mstari juu ya sikio la kushoto, na mama yake huko aliko aliukagua. "Nimewaona. Mstari umepinda. Mwambie baba yenu apunguze chai." Ndugu yangu alisoma kwa sauti, akacheka peke yake, akawasha mashine.

Sasa nije kwenye mkono wa Wakili, maana mambo yote yalianzia hapo. Alianguka kutoka ukuta wa shule akavunjika mkono. Kesho yake ndugu yangu, kwa sababu sharti ni sharti, aliwapandisha kitini akawapiga picha, mkono wa Wakili ukining'inia shingoni na plasta yake nyeupe. Wifi alipoiona aliporomoka jikoni kwa watu, chungu kikaungua, tajiri wake nusura amrudishe. Siku kadhaa hakula. Alipopiga simu alilia mpaka nikamsikia nyuma ya pazia. "Nikiwa huku," alisema, "mkono uliovunjika nauona maiti." Alikuwa anaeleza uchungu wake tu, hakumwomba mtu amfiche kitu. Lakini ndugu yangu ni mtu wa kunyamaza, na mtu wa kunyamaza akipewa neno analihifadhi. Alilihifadhi vibaya.

Ilikuwa imebaki miezi michache wifi arudi. Watoto walishaanza kugombana nani atabeba mzigo upi. Asubuhi moja Kipara akaamka macho yamevimba, kama mtu aliyelia usiku kucha. Tukasema kaumwa na mdudu. Picha ikapigwa, ikatumwa, wifi akajibu, "Nimewaona. Macho ya Kipara yana nini?" Ndugu yangu akaandika, "Mdudu." Kesho yake macho yalivimba tena, lakini kufika jioni yalikuwa yameshuka. Kesho kutwa vilevile. Basi ndugu yangu akahamisha picha, akawa anawapiga jioni wakitoka shule. Wifi alipouliza mbona mwanga umebadilika, aliambiwa asubuhi watoto wanachelewa. Ulikuwa uongo mdogo. Niliusikia nikaendelea kusuka, nikijua atausahihisha.

Zahanati walitutuma hospitali, na hospitali daktari alibonyeza miguu ya Kipara kwa kidole, shimo likabaki. Akasema ni figo. Alitupa dawa, akatwambia wengi wa umri wake wanapona, tusikate tamaa, tupunguze chumvi. Kwa muda mtoto alipata nafuu kweli, alirudi kwenye kelele zake. Halafu sweta ya shule ikaanza kumbana. Jumamosi moja alimwomba baba yake amnyoe, na amchoree mstari mrefu kuliko siku zote. Ndugu yangu alimfunga shuka shingoni akamnyoa polepole sana, maana uso ulikuwa umejaa, akamchorea mstari ulionyooka kama uzi. Picha ya siku ile ilipigwa jioni, Kipara kainamisha kichwa mama yake auone mstari vizuri. "Nimewaona," wifi alijibu. "Leo baba yenu hajanywa chai."

Alfajiri ya Jumapili tumbo lilimkaza na homa ikapanda. Tukampeleka hospitali, akalazwa.

Jioni simu ya ndugu yangu ilitoa mlio. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, Wakili katikati yetu. Ujumbe ulisema, "Leo vipi? Bado sijawaona."

Ndugu yangu aliitazama simu, akautazama mlango wa wodi. Kisha akaanza kurudi nyuma kwenye picha za zamani.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Natafuta ya Jumapili."

Alitafuta kwa umakini ambao sijawahi kuuona kwake. Alitaka nguo za Jumapili walizonazo hadi leo. Alitaka Wakili awe na misuko ileile, maana alijua misuko ni kazi yangu na ningemuumbua. Alipoipata, akaikata kwa juu ili kalenda isionekane kwenye kioo na mama yao asikumbuke kwamba alishaiona. Nami, Mungu anajua, nilitazama kichwa cha Wakili, kwa sababu ndicho kichwa ninachokisuka, nikaona kiko sawa. Picha ikaenda.

Kichwa ambacho hakuna aliyekitazama ni cha Kipara. Picha ilikuwa ya wiki nyuma, kabla ya kunyolewa, nywele zimejaa na mstari hakuna. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na mimi nilidhani maana yake naijua.

Jibu likaja. "Asante."

"Amepokea," ndugu yangu akasema, akapumua.

"Mwambie mama wa mtoto," nikamwambia.

"Dada, nikimwambia atafanya nini huko? Atazimia kwenye nyumba ya watu. Acha mtoto apone. Akipona nitamwambia yote, hata anitukane."

"Na asipopona?"

Aliniangalia kama nimemtemea mate mtoto. "Lirudishe neno hilo," akasema. Ni mara ya kwanza maishani ndugu yangu kuniamrisha. Nikalirudisha.

Tangu siku ile kila asubuhi alichagua picha, akaikata, akaituma. Saluni upande wake ilifungwa, kiti kikafunikwa shuka. Mimi niliendelea kusuka, tungekula nini, na kila mchana nilimpelekea uji na nguo safi. Nilimkuta amekaa palepale kando ya kitanda, mkono wa mtoto kiganjani mwake. Nilimwambia tena, nikamwambia na tena. Nilimwambia kwa upole, siku nyingine nilimfokea kwenye korido hadi muuguzi akatoka. Alikuwa na jibu moja, mtoto apone kwanza. Nami nilijua nyumba ina wenyewe, na habari ya mtoto kwa mama yake anaipeleka baba yake.

Kilichonikera zaidi ni Wakili. Jioni moja baba yao amepita saluni kuchukua shuka, wifi alipiga simu kuongea na watoto, naye akampa Wakili simu na jicho la kumwomba. Nilimsikia mtoto wa miaka kumi akisema, "Amelala, mama." Akasikiliza. "Ndiyo, saa hizi. Alicheza sana." Aliporudisha simu alikuja upande wangu, akakaa sakafuni chini ya kiti cha mteja, kwenye mabaki ya nywele.

"Shangazi," akasema, "mimi sitaki tena kuitwa Wakili."

Nilimvuta nikamfumua nywele zake nikamsuka upya, ingawa hazikuwa zimechakaa, ili mikono yangu ipate la kufanya.

Kipara alikuwa na siku zake nzuri. Siku moja aliomba kioo, nikamshikia kijikioo changu cha saluni, akageuza kichwa kutazama mstari wake. "Unaanza kupotea," alilalamika. "Baba, Jumamosi unichoree tena." Baba yake akamwahidi. Jumamosi ilipofika mtoto alikuwa hafungui macho ila ukimwita mara kadhaa, na mashine ya kunyolea ambayo ndugu yangu alikuja nayo mfukoni ilibaki mfukoni.

Asubuhi iliyofuata wifi alipiga. Nilikuwepo. Ndugu yangu alikuwa analowesha midomo ya mtoto kwa pamba, akashika simu kwa mkono mwingine, na sauti ya wifi ilitoka wazi kama yuko kitanda cha pili. Hakusalimia.

"Baba watoto, nipigie picha ya leo."

"Mbona nimeshatuma?"

"Nipigie nyingine. Ya Kipara. Moja, na unitumie hiyohiyo."

Wifi hakukata simu, tulisikia akivuta pumzi. Ndugu yangu akanigeukia. Mimi niliyemgombeza siku zote hizo nikamwinamishia kichwa tu.

Aliweka simu kitandani akachukua kitambaa kumfuta mtoto uso. Akanyoosha na shuka. Kisha nikamwona amesimamisha mkono, akakunja kile kitambaa akakirudisha mezani. Hakumfuta. Aliinua simu akampiga picha mwanawe kama alivyolala, na uso wake ule, na mpira wa dripu, na nywele zilizoanza kuota juu ya ule mstari. Simu ilitoa ule mlio wa kupiga picha. Na Kipara, ambaye tangu alfajiri hakuwa amejibu mtu, akatoa ncha ya ulimi.

Ndugu yangu akaituma, akatoka nje, akalia ukutani huku watu wakipita.

Jibu lilichelewa. Lilipofika lilisema, "Nimemwona. Naja."

Kumbe bibi yule mzee ndiye aliyemtetea. Waajiri walikataa, bibi akawaambia wampe pasi yake aende, mwenye mtoto ni mwenye mtoto. Ilichukua siku kadhaa kupata nafasi kwenye ndege, na siku zote hizo ndugu yangu alimpiga Kipara picha moja kila asubuhi, bila kuchagua, na kila asubuhi wifi alijibu kwa neno lake. Ya mwisho ilimkuta uwanjani akingoja ndege ya usiku. Ile ndege ilipokuwa angani, alfajiri, Kipara alikata roho. Baba yake alikuwa amemshika mkono, nami nilikuwa nimeshika miguu.

Tulikwenda kumpokea wawili. Ndugu yangu alitaka kwenda peke yake, nikamkatalia. Abiria walitoka na mikokoteni yao, watu wakakumbatiana, na yeye akatoka nyuma kabisa na kimfuko kidogo, amekonda, simu mkononi imewashwa. Alitembea hadi mbele ya mumewe. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akarudi kwake.

"Ya leo hujanitumia," akasema.

Ndugu yangu alimpokea kimfuko, akamshika mkono. Wifi aliangalia simu tena kama vile labda ingefika hivi punde. Halafu akaanguka, tukamdaka.

Ya mazishi siyaelezi. Kila aliyezika mtoto anayajua, na asiyejua asiyajue.

Baada ya watu kutawanyika, mchana mmoja tulikaa saluni sisi watatu. Wakili alikuwa shule. Kiti kilikuwa kimefunikwa bado. Wifi alikaa kwenye benchi la wateja, na ndugu yangu alikuwa amesimama mbele yake kama mtu aliyeitwa mahakamani. Nilitaka kurudi upande wangu, wifi akasema, "Kaa, wifi. Hata ukienda utasikia."

Ndugu yangu akaanza. Alisema kwa kirefu, kwake yeye ni kirefu. Alisema alidhani anamkinga. Alisema neno lake la ule mkono uliovunjika ndilo lililomkaa. Alisema, "Nilikudanganya, mama watoto. Kila siku nilikudanganya."

"Hukunidanganya hata siku moja," wifi akasema.

Tukamtazama.

"Jumamosi ulimnyoa. Nikaona mstari, mpaka nikakusifu. Jumapili unaniletea mtoto mwenye nywele za wiki mbili." Alisema taratibu, bila ukali, akitazama sakafu aliyoifagia miaka yote. "Nimefagia hapa tangu hujawa na kioo. Ulidhani sitaona nywele?"

Ndugu yangu alijishika kichwa.

"Nikasema labda macho yangu. Nikaikuza picha. Jumatatu ukaleta nyingine, na mstari hakuna. Ndiyo maana sikuandika kwamba nimewaona. Sikuwa nimewaona. Niliandika asante."

Hapo nikakumbuka. Siku zote zile zilikuwa asante, asante, na hakuna kati yetu aliyeshtuka. Ndugu yangu alikuwa akizisoma na kupumua.

"Basi mbona hukuuliza?" akamwuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ungeuliza siku ileile, ningesema. Naapa ningesema."

"Ndiyo," wifi akasema. "Ningeuliza, ungenijibu."

Kisha akalia, na ndani ya kilio akasema lililobaki. Kwamba kila asubuhi huko aliko alifungua simu akiomba aone mstari, na kila asubuhi asipouona alishukuru kwamba leo tena hajaambiwa. Kwamba alimwosha bibi wa watu, akamlisha, akamgeuza, huku akijua mwanawe hayupo kwenye ile picha. Kwamba kama angeuliza Jumapili ileile, angemkuta anaongea. "Ningemkuta anadai achorwe mstari," akasema.

Mimi nilikuwa nimemwekea ndugu yangu maneno. Nimeyatunza tangu wodini, makali yote, nikingoja watu waondoke nimpe. Kumbe mwenzake naye alikuwa anabeba mzigo uleule upande wa pili wa dunia, kila mmoja akimficha mwenzake alichokwisha kukijua au alichokuwa anakiogopa. Niliwatazama wawili wale, mmoja benchini, mmoja kachuchumaa kashika miguu ya mwenzake, nikaona sina la kusema kwa yeyote. Nilikwenda upande wangu nikawasha jiko, nikapika chai. Niliwapelekea, ikapoa pale walipokaa.

Siku zikaenda. Ndugu yangu aliondoa shuka kwenye kiti akaanza kunyoa, kwa sababu vichwa vya watu havijui msiba. Wifi hakurudi tena nchi ile. Alichukua ufagio wake. Mteja akisimama mlangoni alimtazama nywele kama zamani, ila hakusema kitu, na wateja nao waliingia wakakaa bila mzaha. Picha haikupigwa tena. Hakuna aliyekataza, na ndugu yangu simu alikuwa anaiacha nyumbani.

Asubuhi moja shule zilipofunguliwa, Wakili aliingia saluni na sare yake na mkoba mgongoni. Alisimama mbele ya kile kiti. Kisha akakigeuza, akavua mkoba, akapanda, akakaa. Alikaa upande wa kushoto, ubavu umegandamana na mkono wa kiti, na upande wa kulia akauacha wazi. Wala hakufanya makusudi, ndivyo mwili wake ulivyozoea. Mimi nilikuwa nimesogeza pazia kutikisa vumbi, nikasimama hapohapo na pazia mkononi. Ndugu yangu aliona, akainama kwenye droo kutafuta mafuta ya mashine ambayo yalikuwa mezani mbele yake.

Wifi aliegemeza ufagio ukutani. Alijifuta mikono kwenye kanga akatoa simu yake. Miaka yote ile yeye alipokea tu, hakuwahi kuipiga picha hii mwenyewe, na alihangaika kidogo kupata pa kusimama. Mwisho akasimama pale alipokuwa akisimama mumewe.

"Mama, nisogee katikati?" Wakili akauliza.

"Kaa pako," wifi akasema.

Simu ikatoa mlio wake. Wakili alikuwa amejikaza, lakini wakati uleule machozi yalimzidi akafumba macho, uso ukakunjana. Akajifuta haraka kwa mkono wa sweta, akanyoosha mgongo, akajaribu kutabasamu.

"Mama, nimefumba macho. Piga tena."

Wifi alikuwa anaitazama ile picha. Aliitazama muda mrefu: mtoto mmoja anayelia, nusu ya kiti iliyo wazi, na yeye mwenyewe kwenye kioo kwa nyuma, na mgongo wa mume wake umeinama kwenye droo.

"Hairudiwi, mwanangu," akasema. "Nimekuona. Shuka, utachelewa shule."